Kadi Iliyopokewa kwa Mikono Miwili

Alhamisi, 30 Mei 1974

Vyoo kumi na vinne leo, Kasingirima. Vyenye mlango ni vinne. Kimoja kina mlango mzuri wa mbao lakini hakina shimo. Mwenye nyumba amekijenga kwa ajili yangu tu, nipite niende zangu. Nimemwandika. Akaniuliza kwa upole, "Sasa Bwana Afya, si ulitaka choo? Choo hicho." Nimemwandika mara ya pili, kwa kujibu.

Watu hawa hawaogopi kuhara. Wanaogopa kuandikwa. Ndiyo maana kijitabu changu kinatosha. Kurasa za mbele ni vyoo, kurasa za nyuma ni mpira. Siku za kazi mimi ni Bwana Afya, Jumapili ni refa. Miaka tisa sasa, na sijaona tofauti kubwa kati ya mchezaji na mwenye choo kibovu. Wote wanasema hawakujua.

Barua imefika kutoka Dar es Salaam. Marefa wote tuache kuonya kwa mdomo na kuandika majina peke yake. Kuanzia sasa mchezaji wa kuonywa aonyeshwe kadi ya njano, wa kutolewa aonyeshwe nyekundu. Kadi zenyewe hazikuja. Imekuja barua ya kuzieleza. Sisi tulio mwisho wa reli hatuletewi kitu, tunaletewa habari zake.

Ijumaa, 31 Mei

Nimezikata mwenyewe. Nyekundu ni jalada gumu la daftari la zamani. Ya njano ni manila, nusu karatasi, niliyopewa na mwalimu mkuu baada ya kumkumbusha hali ya vyoo vya wanafunzi wake. Haikutosha ila kadi moja, maana ilikuwa imeliwa na mende. Nimezunguka maduka yote ya Mwanga, hakuna nyingine.

Mke wangu alinikuta mbele ya kioo nimenyanyua mkono. Akageuka akarudi jikoni. Amefanya vizuri.

Jumapili, 2 Juni

Aibu tupu.

Mwanga na Ujiji. Mwanga wana beki anaitwa Bukuru, mkamuaji wa mawese, mapaja makubwa na kichwa cha kuvalia kofia tu. Alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka kwenye mapipa yake. Dakika ya ishirini akamkata mtu miguu. Nikapuliza filimbi, nikamwita, nikanyanyua kadi ya njano kama barua ilivyoelekeza. Hakuna aliyewahi kuona kitu kile.

Bukuru akaitazama. Akajifuta mikono kwenye bukta. Akapiga goti kidogo, akaipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, Bwana Afya." Akaisokomeza ndani ya soksi.

Ningejua. Katika mji huu kadi ni kitu cha kupewa. Mtu hupanga foleni tangu alfajiri apate kadi ya Chama, akiipata huikunja kwenye kitambaa na kuiweka chini ya nguo za sikukuu. Mwenye kadi ni mtu, asiye nayo anaulizwa alitoka wapi. Basi Bukuru alijua amepata. Wenzake wakampa mkono wa hongera. Golikipa akaacha goli lake akaja kuniuliza yeye atapewa lini.

Nilimfuata Bukuru nusu ya uwanja nikidai kadi yangu. Naye akinikimbia, akisema kitu ukishampa mtu huwezi kumnyang'anya. Wanawake walikaa chini kwa kucheka. Wakubwa waliokuwa kwenye viti nao walicheka, mmoja akatoa leso akafuta machozi.

Sitachekwa tena na watu hawa. Naandika hapa ili nisije nikasahau.

Jumanne, 4 Juni

Sokoni Mwanga. Mwanamke mmoja muuza dagaa ananinyooshea mikono yote miwili na kupiga goti. "Bwana Afya, nami nipe kadi." Soko zima likacheka. Nimeifunga meza yake kwa sababu ya nzi. Nzi walikuwepo kweli. Juzi pia walikuwepo.

Kadi nilirudishiwa Jumapili jioni, lakini imeharibika. Vidole vyote kumi vya Bukuru vimo humo, na soksi ikamalizia palipobaki. Nimeisugua kwa majivu, nimeianika juani. Jua limeyafanya mawese yazidi kuingia. Fundi Sefu, mshona nguo wa Mwanga ambaye Jumapili ndiye mshika kibendera wangu, ananiambia nikate nyingine. Niikate kwenye manila gani? Nimemwambia hii ni ya njano, mwenye macho ataona.

Alhamisi, 6 Juni

Ukaguzi Bangwe. Kila ninapopita wananizungumzia mechi ya Jumapili, Bangwe na Ujiji. Wakubwa wa mpira watakuja na madaftari kuchagua timu ya mkoa. Na kila mdomo una jina moja, Wilonja, kiungo wao.

Namfahamu. Miaka ishirini na moja, anavua dagaa kwenye mtumbwi wa mtu. Marehemu baba yake alivuka kutoka Kongo zamani, yeye kazaliwa hapa hapa Bangwe. Akiingia timu ya mkoa atapata kazi ya kudumu bandarini, ameshaahidiwa. Asipoingia, jina lake limo kwenye orodha ya watu wasio na kazi ya kueleweka, watakaopandishwa lori na kaya zao kwenda kulima kijiji kipya huko juu, upande wa Kasulu. Kuvua kwenye mtumbwi wa mwenzio si kazi, wamesema walioandika orodha. Hao hawajawahi kuvuta wavu.

Mama yake haoni. Amefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, anaishika anakwenda. Choo chao ndicho kisafi kuliko vyote Bangwe. Kipofu kawashinda wenye macho. Sikuwa na la kuandika. Nikaandika kwamba kamba imelegea.

Jumapili, 9 Juni

Bangwe wamefungwa tatu bila. Naandika jioni hii hii, nikichelewa nitaanza kujipamba.

Kipindi cha pili Wilonja alimvuta mtu jezi. Kosa dogo, la kuonywa. Kabla sijamfikia ameshasema, "Samahani, tata." Nikatia mkono mfukoni, nikanyanyua ya njano.

Jua la saa kumi na moja likaipiga. Upande wa Ujiji ukalipuka. "Nyekundu! Nyekundu!" Nikainua macho kuitazama. Ilikuwa imeiva vizuri, rangi ya mawese yenyewe. Na kwa watu wetu mawese ni mekundu, ukiwaambia vingine watakuuliza umezaliwa wapi.

Wilonja akaitazama kadi. Akanitazama mimi. Akasubiri. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kutoka.

Muda nilikuwa nao, sitajidanganya humu. Mpaka kwenye mstari ni hatua hamsini. Ningepuliza filimbi, ningemwita, ningesema jamani ni ya njano, imeingia mawese. Halafu? Refa anayegombana na wachezaji juu ya rangi ya kadi yake. Nikaviangalia viti vya wakubwa. Yule mwenye leso alikuwepo. Nikaona kicheko kinavyoanza, nikakisikia kabla hakijatoka.

Nikairudisha mfukoni, nikaonyesha mpira uendelee.

Wakubwa walifunga madaftari dakika ile ile alipovuka mstari. Hakukuwa na mwingine waliyekuja kumtazama.

Mke wangu ameweka ugali na samaki wa migebuka. Umepoa.

Jumatatu, 10 Juni

Taarifa ya mechi. Mtu hatolewi hivi hivi, sheria inataka sababu. Kupigana, rafu ya kuumiza, matusi. Kuvuta jezi hakumo.

Nimeandika: "Alimtolea refa lugha chafu." Nikaona watauliza lugha gani. Nikaongeza: "Kwa lugha ya ng'ambo, ambayo refa haielewi."

Mwenye akili akiisoma atauliza, haielewi, sasa alijuaje kuwa ni chafu? Lakini wasomaji wangu nawafahamu. Hawajawahi kuuliza kitu kilichoandikwa kwa wino.

Mke wangu kanisikia nikiisoma kwa sauti. Kisha akasema, "Tata ni baba. Na mimi niliketi karibu na mstari." Nikamwuliza nani kamwomba ushahidi.

Jumatano, 12 Juni

Kamati. Watu watatu na feni moja isiyozunguka. Mwenyekiti wa mpira ni mzee aliyewahi kusimamia ghala, bado anazungumza na watu kana kwamba ni magunia. Hakuuliza matusi gani. Katika taarifa nzima aliona neno moja, ng'ambo.

"Kumbe si mtu wa hapa?"

Babu yake mwenyewe alivuka ziwa. Nusu ya Ujiji ilivuka ziwa, na nusu nyingine ilivuka kitu kingine. Hakuna aliyelisema hilo. Mimi pia sikulisema.

Fundi Sefu aliitwa shahidi. Alisikia nini? Akajibu, "Mi nilisikia 'samahani, tata'." Ana hakika? Akaniangalia. Mahali anaposhonea hapana choo, na anajua kuwa najua. Akasema upepo siku ile ulikuwa mwingi.

Wilonja kafungiwa mwaka mzima. Timu ya mkoa hamo. Mwenyekiti akasema walioandika orodha ya lori nao waarifiwe, wasije wakamsahau. Mwenyewe hakuitwa. Hawakuona haja.

Nilimdharau Sefu njia nzima ya kurudi. Mwoga, mtu wa kugeuka kwa ajili ya shimo la choo. Nilipofika mlangoni kwangu ndipo nikakumbuka nani anamtisha.

Ijumaa, 14 Juni

Sikulala vizuri siku mbili, basi leo baada ya sala nilikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilisema kadi ilikuwa ya njano, iliingia mawese, kijana hakutukana, taarifa niliiandika vibaya, naomba nirudishiwe.

Hakushtuka. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Alikuwa akitafuna kashata.

"Imeshapigwa chapa, Bwana Afya. Nakala tatu."

Nikasema zipigwe nyingine.

"Na karatasi je? Halafu nikuulize. Taarifa ya refa tukiibadilisha, na zile za vyoo tufanyeje? Kila uliyemwandika atakuja hapa kusema Bwana Afya huwa anakosea. Yule wa mlango bila shimo atakuwa wa kwanza."

Nilikuwa na miaka tisa ya kijitabu kile, na yote nikaiona ikielea kama takataka za ufukweni.

"Maji yameshamwagika. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari, siku hizi si kila nyumba ina sukari. Nikaomba na kikombe cha pili. Sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule aliyekuwa ameshika kikombe.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda Bangwe. Si ukaguzi. Nilitaka kumwambia mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya lori.

Nilimkuta mama yake anaanua dagaa kwa kupapasa, anatenga mchanga kwa vidole. Alinijua kwa harufu ya dawa kwenye mkoba wangu. "Karibu, tata. Mtoto yangu haiko, iko ziwani, anarudisha nyavu za watu."

Nikakaa. Akasema wameambiwa wataondoka Jumatano. Akaniuliza huko juu kukoje, kama kuna mteremko, kama nyumba zimepangwa karibu karibu au mbali. Hapa anajua kila jiwe. Nikamwambia kuna hewa nzuri. Bwana Afya huyo.

Akasema, "Nilimwuliza kosa gani ulifanya, hasemi. Anasema refa iko najua kazi yake."

Akanifungia dagaa kwenye gazeti. Nikazipokea. Wilonja alichelewa, nami sikumsubiri sana. Naandika ukweli: nilifurahi alipochelewa.

Jumatano, 19 Juni

Kazi yangu leo ilikuwa kuwakagua wanaoondoka, kama wana kikohozi, kama wamechanjwa. Lori moja, kaya kumi na moja. Kuna waliokuwa wanalia, kuna waliokuwa wanaimba kwa sababu wameambiwa waimbe. Yule wa mlango bila shimo alikuwepo pia, kumbe naye hana kazi. Akanitazama, akanisalimu kikwao, "Mwakeye, Bwana Afya. Huko tunachimba wenyewe."

Wilonja alikuwa wa mwisho. Alimpandisha mama yake kwanza, akampa kona ya kuegemea, akamwekea godoro mgongoni. Kisha akashuka kuja kwangu achunguzwe. Nikamtazama ulimi. Nikamtazama macho. Sikuwa na pengine pa kutazama.

"Shikamoo, Bwana Afya."

Nikaitikia marahaba.

Alisema pole pole, wala hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Ile kadi mi niliona ni ya njano. Ilikuwa karibu na uso wangu. Nikasema labda kuna sheria mpya, refa anajua. Nikatembea taratibu, makusudi. Nikasema akigundua ataniita. Mpaka nimefika kwenye mstari naisikilizia filimbi."

Dereva akapiga honi.

Nilitakiwa kuandika karatasi moja kwa kila mtu. Yake nikaandika: mzima. Ikawa ndiyo taarifa pekee ya kweli niliyowahi kuandika juu yake. Nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, akaenda akapanda.

Sikusema samahani. Neno lilikuwepo, yeye alilitumia kwangu bila shida yoyote. Mimi nililiogopa, watu walikuwa wengi.

Jumapili, 23 Juni

Bangwe na Mwanga leo. Nimetuma salamu kwamba naumwa mguu. Siumwi. Sefu kachukua filimbi.

Asubuhi nimefagia uani. Nimemenya ndizi na mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Hakuniuliza mguu.

Alasiri kelele za uwanjani zikawa zinafika mpaka hapa barazani, zinakuja zinapotea na upepo wa ziwa. Goli moja. Baadaye jingine. Mke wangu akasema hao watakuwa Mwanga, Bangwe siku hizi hawana mtu wa katikati.

Nikamwambia, "Walikuwa naye. Nilimtoa mimi, kwa kadi ya njano." Akaendelea kumenya ndizi za jioni. Akasema, "Najua. Sasa kamwambie asiyejua."

Nimekaa nikifikiri nani huyo asiyejua. Nimewapitia mmoja mmoja, Sefu, Mwenyekiti, Wilonja mwenyewe. Wote wanajua. Amebaki mama yake, naye yuko Kasulu, siku nzima kwa lori, na sijui nyumba ya ngapi.